Daftari la Tabia: Namna Mpiga Chapa Mmoja Alivyojifunza Mwenendo Mwema

Watu wengi wakimwona mtu aliyefanikiwa husema, "Huyu ana bahati," au, "Huyu alizaliwa na nyota njema." Maneno hayo ni mepesi, tena yanamfariji msemaji, maana kama mafanikio ni bahati tu, basi asiyefanikiwa hana la kujilaumu. Lakini ukikaa karibu na mtu huyo mwenye bahati kwa muda wa mwezi mmoja, ukatazama saa anayoamka, na namna anavyolipa madeni yake, na jinsi anavyojibu anapotukanwa, mara nyingi utaona kwamba bahati yake ina mizizi. Hatusemi kwamba kila maskini ni mvivu. Huo ni uongo, tena ni dharau, maana ukame, maradhi na dhuluma huweza kumwangusha mtu mwema kabisa. Tunasema hivi tu: katika mambo yaliyo mikononi mwa mtu mwenyewe, kubwa kuliko yote ni tabia yake, na tabia hujifunzwa.

Hujifunzwa namna gani? Hapo ndipo wahubiri na waalimu wengi hutuacha njiani. Hutuambia tuwe na bidii, tuwe waaminifu, tuwe na kiasi; nasi hukubali, hurudi nyumbani, na kesho yake tuko vile vile. Katika somo hili tutaeleza habari za mtu aliyeiona shida hiyo, akajaribu kuishinda kwa kalamu na daftari. Jina lake ni Benjamin Franklin. Wengi wamemsikia kuwa ni mtaalamu aliyechunguza umeme wa radi mwaka 1752, na kuwa ni mmoja wa wale waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Sisi hatumtafuti mkuu huyo. Tunamtafuta kijana mwenye deni.

MTOTO WA MTENGENEZA MISHUMAA

Franklin alizaliwa katika mji wa Boston tarehe 17 Januari 1706, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya Mfalme wa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa sabuni na mishumaa, naye alizaa watoto 17 kwa wake wawili, wa pili akiolewa baada ya kufa wa kwanza. Fedha za kumsomesha Benjamin hazikutosha. Alikaa shuleni kama miaka miwili tu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 aliwekwa uanagenzi kwa kaka yake James, aliyekuwa mpiga chapa. Ndugu hao hawakupatana. Mwaka 1723, kabla mkataba wake haujaisha, Benjamin alitoroka akaenda Philadelphia, akafika huko na fedha kidogo mfukoni, nguo chafu, na njaa.

Huko alipata kazi kwa mpiga chapa mwingine, lakini kazi haikumwondolea upumbavu wa ujana. Mtu mmoja aliyeitwa Vernon alimwomba amkusanyie deni la paundi 35 hivi, azitunze mpaka atakapozihitaji. Franklin alizikusanya. Basi alikuwa na rafiki wa tangu utoto aliyeingia katika ulevi, na rafiki huyo akawa anakopa kidogo leo, kidogo kesho, akiahidi kulipa akipata kazi. Fedha alizokuwa akikopeshwa zilikuwa za Vernon. Baada ya muda nyingi zilikuwa zimekwisha, na kwa miaka kadhaa Franklin aliishi na hofu ya kusikia mwenye mali akiuliza, "Fedha zangu ziko wapi?"

Wasomaji wetu, tusimcheke. Ni waweka hazina wangapi wa vyama vya mazishi, vya akiba, vya kina mama wa sokoni, walioanza kuanguka hivyo hivyo? Mara chache mtu huamka asubuhi akasema, "Leo nitaiba." Husema, "Nitachukua mia mbili, nitazirudisha Ijumaa." Na siku hizi, kwa kuwa fedha za chama na fedha za mwenyewe huweza kulala pamoja katika simu moja, mpaka kati yake hauonekani hata kwa macho.

Kosa la pili la Franklin lilikuwa kuamini maneno matamu. Gavana wa Pennsylvania, Sir William Keith, alimwahidi barua za kumwezesha kununua mitambo ya chapa mjini London. Franklin akapanda merikebu mwaka 1724, akavuka bahari, na alipofika aligundua kwamba hakukuwa na barua hata moja. Alikuwa na umri wa miaka 18, peke yake katika mji mkubwa. Ikambidi kutafuta kazi ya mikono.

BIA NA MAJI

Kazi aliipata katika viwanda vya chapa vya London, na katika kimoja aliona jambo ambalo hakulisahau. Wapiga chapa wenzake walikuwa wanywaji wakubwa wa bia. Mwenzake wa mtambo alikunywa painti moja kabla ya chakula cha asubuhi, ya pili pamoja na chakula, ya tatu kabla ya adhuhuri, ya nne kwa chakula cha mchana, ya tano jioni, na ya sita baada ya kumaliza kazi. Waliamini kwamba bia kali huleta nguvu za kazi. Franklin alikunywa maji, wakamtania kwa kumwita Mwamerika wa Maji. Lakini wao walipopanda ngazi wakibeba fremu moja ya herufi za risasi kwa mikono miwili, yeye alibeba mbili, moja kwa kila mkono. Na Jumamosi, mishahara ilipotolewa, mwenzake yule alikatwa shilingi nne au tano za bia, na yeye hakukatwa kitu.

Hesabu hii ndogo inafaa kutazamwa vizuri. Hakuwahubiria wenzake dini. Aliwaonyesha kwamba nguvu zilizomo katika bia haziwezi kuzidi nguvu za nafaka iliyotengenezea bia hiyo, na kwamba mkate wa senti moja una unga mwingi kuliko painti nzima. Baadhi yao wakaacha bia za asubuhi, wakala uji wa moto wenye mkate na siagi kwa bei ya painti moja. Wengine waliendelea kunywa, na kila wiki walikuwa na deni kwa mwenye kilabu.

Mwaka 1726 alirudi Philadelphia kwa merikebu. Safari ilichukua zaidi ya wiki kumi, na mtu aliye baharini wiki kumi ana nafasi ya kufikiri. Huko aliandika mpango wa maisha yake: aishi kwa uwekevu mpaka amelipa madeni yake, aseme kweli, ashike kazi yake kwa bidii, asivutwe na njia za kutajirika kwa ghafula, wala asimseme mtu vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alipopata uwezo, alimlipa Vernon fedha zake zote, pamoja na faida yake, na kumshukuru kwa uvumilivu.

TOROLI BARABARANI

Mwaka 1728, pamoja na mshirika mmoja, alifungua kiwanda chake cha chapa. Mji ulikuwa na wapiga chapa wawili tayari, na wafanya biashara wakubwa walipozungumza katika klabu yao walisema kiwanda cha tatu lazima kife. Mmoja wao, daktari, alikataa. Alisema kwamba arudipo nyumbani usiku kutoka klabuni humwona Franklin bado yuko kazini, na asubuhi majirani hawajatoka vitandani naye amekwisha kuanza. Kwa maneno hayo, mmoja wa wafanya biashara wale alijitolea kumpa bidhaa za kuuza kwa mkopo. Usiku mmoja, baada ya kumaliza kupanga herufi za siku nzima, fremu moja ilivunjika na kurasa mbili zikawa chungu ya herufi. Hakulala mpaka amezipanga tena zote.

Karatasi zake alizinunua madukani, akazirudisha nyumbani mwenyewe kwa toroli, akipita katikati ya mji mchana. Yeye mwenyewe amesema wazi kwamba alifanya hivyo ili watu waone kuwa hajioni mkubwa kuliko kazi yake. Wako waandishi waliomlaumu kwa ajili ya toroli ile, wakisema ni maringo ya unyenyekevu, na kwamba mtu mwema hatafuti kuonekana. Sisi hatukubali lawama hiyo. Mwenye duka anayekukopesha hawezi kuusoma moyo wako. Husoma miguu yako inakokwenda na saa unayofungua mlango. Kujionyesha kuwa na bidii bila kuwa nayo ni udanganyifu. Kuwa na bidii na kutoificha si dhambi, na kijana wa leo mwenye cheti kizuri anayeona haya kushika jembe mbele ya wasichana wa kijijini angefaa kuikumbuka toroli hiyo.

MISTARI NA MADOA

Sasa tufike penye daftari lenyewe. Franklin alipokuwa na miaka ishirini na kitu, aliazimu kuishi bila kosa lo lote. Aliona neno hilo ni rahisi: anajua jema na baya, kwa nini asitende jema tu? Akashangaa. Alipokuwa akilinda mlango mmoja, kosa jingine liliingia kwa mlango wa pili. Akatambua kwamba kukubali kwa akili kuwa wema ni bora hakutoshi. Mazoea mabaya lazima yavunjwe, na mazoea mema yajengwe, kama mtu avunjavyo ukuta mbovu na kuanza mwingine.

Akaandika sifa kumi na tatu: kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, kutimiza aliloazimia, uwekevu, bidii, unyofu, haki, kutopita mpaka, usafi, utulivu wa moyo, usafi wa mwenendo baina ya mwanamume na mwanamke, na mwisho unyenyekevu. Akatengeneza daftari dogo, kila sifa ukurasa wake. Katika kila ukurasa alichora mistari saba ya kusimama kwa siku saba za juma, na mistari kumi na mitatu ya kulala kwa sifa zote. Jioni alijichunguza, na penye kosa alitia doa jeusi.

Lakini hakupigana na maadui kumi na watatu kwa siku moja. Hapo ndipo akili yake ilipo. Juma la kwanza alilinda kiasi tu, akijitahidi mstari huo usiwe na doa hata moja. Sifa nyingine aliziacha ziende kama kawaida, akiandika madoa yake kila jioni. Juma la pili aliongeza kunyamaza, akilinda mistari miwili. Alijifananisha na mtu mwenye bustani iliyojaa magugu, ambaye hajaribu kuyang'oa yote kwa mara moja, bali hupalilia tuta moja, akaenda la pili. Kwa njia hiyo alizunguka daftari zima katika majuma 13, na mara nne katika mwaka.

Tena hakupanga sifa zake ovyo. Kiasi kilitangulia kwa sababu kichwa kilicholewa hakiwezi kulinda kitu kingine. Kunyamaza kulifuata kwa sababu alijijua kuwa mpenda porojo na mzaha, naye alitaka kujifunza, na mtu hujifunza kwa masikio zaidi kuliko kwa ulimi. Uwekevu na bidii viliwekwa mahali vilipo ili vimtoe katika deni, maana aliona kwamba ni vigumu kwa mwenye deni kuwa mnyofu. Mdai anapobisha hodi, watoto hufundishwa kusema, "Baba hayupo." Kila mzazi aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kwa mtoto wake anajua ni somo gani limefundishwa siku hiyo.

Matokeo yake yalikuwa nini? Kwanza, alishangaa kuona ana makosa mengi kuliko alivyodhani. Daftari la kwanza lilikuwa la karatasi, na kwa kufuta madoa ya zamani ili atie mapya, karatasi ilitoboka matundu. Ikambidi kuhamia kwenye kurasa ngumu za pembe ya ndovu, akachora mistari kwa wino mwekundu usiofutika, na madoa akayatia kwa kalamu ya risasi, apate kuyafuta kwa sifongo yenye maji. Pili, aliona madoa yanapungua pole pole.

Utaratibu ndio uliomshinda. Aligawa siku yake vizuri: kuamka saa kumi na moja asubuhi na kujiuliza atatenda jema gani siku hiyo, kazi tangu saa mbili mpaka saa sita, na tangu saa nane mpaka saa kumi na mbili, usiku, kabla ya kulala saa nne, kujiuliza ametenda jema gani. Lakini mpiga chapa huingiliwa na wateja wakati wo wote, na karatasi zake hazikukaa mahali pake. Karibu aache. Hapo anatoa mfano wa mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi, akataka uso wote ung'ae kama makali. Mhunzi akasema, "Vema, wewe zungusha jiwe la kunolea." Mtu akazungusha, mhunzi akalikandamiza shoka juu ya jiwe, kazi ikawa nzito. Baada ya kuzungusha kitambo akasema atalichukua shoka vile lilivyo. Mhunzi akamwambia aendelee, litang'aa, sasa lina madoadoa tu. Mtu akajibu kwamba, kwa maoni yake, shoka lenye madoadoa ndilo zuri kuliko yote. Franklin alijua kwamba wengi wetu hufanya hivyo: tukichoka na vita, tunayasifu madoa yetu. Husema, "Mimi ndivyo nilivyo."

Yeye hakufika kwenye ukamilifu, na hakusema kwamba amefika. Baada ya miaka kadhaa aliuzunguka mzunguko mmoja tu kwa mwaka, halafu mmoja kwa miaka kadhaa, kisha shughuli na safari zikamfanya auache kabisa. Lakini daftari alilichukua daima. Alipoandika habari hizi mwaka 1784 alikuwa na umri wa miaka 78, na alisema kwamba jitihada ile, hata bila kufika mwisho, ilimfanya kuwa mtu mwema na mwenye furaha kuliko ambavyo angalikuwa.

Lazima tuongeze kwamba wazo la kujihesabu halikuanzia Philadelphia. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ameliandikia mlango mzima, akiifananisha nafsi na mshirika wa biashara ambaye lazima umwulize hesabu kila jioni, usije ukala hasara bila kujua. Na waalimu wa dini wa pwani yetu wamelifundisha jambo hilo vizazi vingi. Naye padre Ignatius wa Loyola, katika kitabu chake cha mazoezi ya roho kilichochapwa mwaka 1548, alifundisha kutia nukta kwenye mistari ya siku za juma kwa kosa moja ambalo mtu anataka kuling'oa. Basi Mwislamu asidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu, wala Mkristo asidhani ni la wafanya biashara tu.

DOA LISILOANDIKWA

Kwanza orodha ya Franklin ilikuwa na sifa kumi na mbili. Ya kumi na tatu hakuiona mwenyewe. Rafiki yake mmoja, mtu wa madhehebu ya Wakweka, alimwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi. Kwamba katika mabishano haridhiki na kuwa na haki, bali humshinda mwenzake kwa ujeuri. Akampa na mifano. Franklin hakukasirika. Aliongeza unyenyekevu katika daftari, akajizoeza kuacha maneno kama "hakika" na "bila shaka", akasema badala yake "nadhani" na "kwangu naona hivi". Aliona kwamba mazungumzo yake yalikuwa mazuri zaidi, na kwamba alipokosea haya ilikuwa ndogo. Akakiri pia kwamba kiburi hakifi, na hata kama angekishinda, labda angeuonea fahari unyenyekevu wake.

Hapo tunaona udhaifu wa daftari lo lote la tabia. Linakamata yale makosa tu ambayo mwenye daftari amekwisha kuyapa jina. Nyani haoni kundule. Na katika maisha ya Franklin upo mfano mzito kuliko huo wa kiburi. Katika daftari lake mlikuwamo mstari wa Haki. Lakini gazeti lake lilichapa matangazo ya watu weusi waliokuwa wakiuzwa, na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 1757 alisafiri kwenda London pamoja na wawili wao. Katika maelezo yake juu ya daftari hakuna neno hata moja juu ya jambo hili. Mtu aliyejiuliza kila usiku ametenda jema gani, hakujiuliza juu ya yule aliyemwashia taa.

Tunaliandika hili kwa wino ule ule tulioandikia sifa zake, maana msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulijua. Alibadilika pole pole. Mwaka 1763 alitembelea shule ya watoto weusi mjini Philadelphia, akaona akili zao, akaandika kwamba maoni yake juu ya uwezo wa watu weusi yamepanda kuliko yalivyokuwa. Alichokiona kwa macho kilimfunza kilichokosekana katika daftari. Mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na mwezi wa Februari 1790 alitia sahihi ombi la chama hicho kwa Baraza la Marekani, kwamba utumwa ukomeshwe. Baraza halikufanya alivyoomba. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865. Franklin alikufa tarehe 17 Aprili 1790, miezi miwili hivi baada ya ombi lile.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Daftari la shule la bei ndogo linatosha. Chora siku saba juu, na upande wa kushoto andika mambo unayotaka kuyashika. Usiandike kumi na tatu. Yatosha manne au matano. Wala usiandike majina makubwa, maana "uaminifu" ni neno pana, na jioni utajidanganya kwa urahisi. Andika tendo. Mfuga ng'ombe aandike: "Maziwa nimeyapeleka bila kuyatia maji." Fundi cherehani aandike: "Nguo niliyoahidi leo imekuwa tayari leo." Utingo wa matatu: "Kila abiria amepata chenji yake bila kuidai." Mweka hazina: "Fedha za chama hazikuguswa, na zimekaa mbali na zangu." Baba wa nyumba: "Sikumpigia mke wangu kelele mbele ya watoto." Mambo kama haya hayana ubishi; ama umeyatenda ama hukuyatenda.

Anza na lile ambalo likianguka huangusha mengine. Kwa wengine ni pombe. Kwa wengine ni kucheza kamari ya mpira, au kuchelewa kulala, au deni dogo lililofichwa. Lilinde hilo peke yake juma zima. Ukikosa siku moja, tia doa, ulale. Usilipasue daftari kwa hasira, kwa sababu daftari lenye madoa ni daftari linalosema kweli. Mwandike kwa siri, usilitundike ukutani wageni walisome.

Halafu fanya jambo lililo gumu kuliko kuandika. Nenda kwa mtu mmoja akupendaye asiyekuogopa: mkeo, shangazi yako, mzee wa kanisa au wa msikiti, mwenzako wa kazini. Mwulize ni kosa gani analoliona kwako ambalo wewe hulioni. Akikuambia, usijitetee. Liandike mstari wa mwisho. Ikiwa unao wafanyakazi, mpagazi, yaya, kijana wa shambani, jiulize pia wao wangekuandikia nini kama daftari lingekuwa mikononi mwao.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya zamani yaliyopitwa na wakati. Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Nandi, ambaye mjini Vienna mwaka 2019 alikimbia mwendo wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na nukta 40, amekuwa na desturi ya kuandika mazoezi yake katika madaftari kwa miaka mingi. Na katika kambi yao ya Kaptagat, wakati alipokuwa bingwa wa Olimpiki, alishika zamu yake ya kusafisha vyoo kama wenzake.

Franklin aliacha wosia wenye kipengele cha ajabu. Aliipa miji ya Boston na Philadelphia paundi 1,000 kila mmoja, lakini si za kutumiwa. Zikopeshwe kwa mafundi vijana waliooa, walio chini ya umri wa miaka 25, waliomaliza uanagenzi wao vizuri, kwa faida ya asilimia 5, na marejesho yakopeshwe tena kwa wengine, kwa muda wa miaka 200. Muda huo ulikwisha mwaka 1990, na mfuko wa Boston ulikuwa na zaidi ya dola milioni 4, ule wa Philadelphia kama milioni 2. Ye yote aliyewahi kuomba mkopo katika chama cha akiba atalielewa sharti moja alilolitia. Hakudai shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Alidai kila kijana alete watu wawili wa kuaminika, wakubali kutia sahihi pamoja naye, na kushuhudia kwamba mwenendo wake ni mwema.